Jiwe Ambalo Lanty Telfer Hakuliona

Kwa miaka sitini Lanty Telfer alipita kando ya ukuta ule bila kuutazama. Alitazama mbwa wake, alitazama mawingu, alitazama kondoo wa nyuma anayechechemea. Lakini pale ukuta unapopinda kukikwepa kijito, chini kidogo ya Ngome, shingo yake iligeuka upande wa pili yenyewe, kama ya mtu anayepishana njiani na mke aliyemwacha. Na huo ndio ukuta alioujenga vizuri kuliko kuta zake zote.

Bonde la Blakerigg lilimjua kwa kuta. Siku hizi ukimwonyesha mtu ukuta wa mawe matupu, usio na saruji wala tope, uliosimama miaka mia mbili juu ya mlima unaopigwa na theluji, atakuuliza una faida gani, maana waya hutandazwa kwa siku moja. Lanty alikuwa wa mwisho katika wale walioijua kazi. Alifundishwa na baba yake, mzee Anthony Telfer, mtu wa mkono mzito na maneno machache. Jiwe ukishaliokota usilitupe, alimwambia. Litafutie mahali pake. Kila jiwe lilale urefu wake uingie ndani, si kujionyesha nje. Na kila hatua moja, katikati ya kimo, weka jiwe refu linalopita ukuta mzima toka upande huu hadi ule, liwe mshipi, lizifunge nyuso mbili zisiachane. Ukuta usio na mishipi huvimba tumbo, kisha hupasuka kama gunia bovu.

Mawe ya mshipi yalikuwa adimu. Uliweza kuzunguka mlima kutwa nzima urudi na mawili. Lakini Ngomeni yalikuwepo. Warumi walikaa pale juu miaka mia tatu wakitukodolea macho sisi watu wa kaskazini, wakaondoka, wakaacha tuta la mraba lililoota nyasi, mitaro minne ya kulizunguka, na mawe yaliyochongwa yakanyooka kama mikate. Hakuna zizi katika bonde lile, hakuna kizingiti, hata kanisa lenyewe, lisilo na jiwe la Ngome ndani yake. Babu zetu waliyabeba mchana kweupe wakiimba. Baadaye serikali ikasimika kibao: atakayegusa jiwe atashtakiwa. Na akina Telfer hawakuwa na ardhi yao. Walikuwa wapangaji wa bwana mkubwa, na bwana mkubwa alimwambia mzee Anthony ana kwa ana kwamba siku atakaposikia habari ya mawe, siku hiyo wafungashe.

Hayo yalikuwa mwaka elfu moja mia tisa sitini na mbili, Lanty akiwa na miaka kumi na saba.

Mwaka huo huo alikuwepo mtu aitwaye Jos Nixon, mtengeneza barabara wa halmashauri. Kazi yake ilikuwa kuzibua mifereji na kufukia mashimo, maili nane za barabara, koleo begani. Shule aliiacha na miaka kumi na miwili. Kilatini alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu alichokinunua sokoni kikiwa hakina jalada, akisoma kando ya barabara wakati wa chakula, mkate mkono huu, kitabu mkono ule. Wenye shule walimcheka kwa kuwa alitamka vibaya. Angetamkaje vizuri, naye hakuwahi kumsikia mtu mwingine akitamka? Jumamosi jioni Jos alimfundisha Lanty kusoma, maana Lanty alitoka shuleni akijua kuandika jina lake tu na majina ya mbwa. Walikaa jikoni kwa Jos, kitabu kimelala kati ya vikombe vya chai, na binti yake Jos, Thirza, mtoto wa miaka tisa, akiwa chini ya meza na chaki yake.

"Soma tena, mwanangu," Jos alikuwa akisema. "Usilikimbilie neno. Halitakimbia."

Mwezi wa kumi mvua kubwa ilimomonyoa ukingo wa mtaro wa nje pale Ngomeni. Jos alipita akaona ncha ya jiwe. Alirudi jioni na koleo la halmashauri, akafukua, akalifunika tena kwa majani. Kesho yake alimchukua Lanty peke yake akamwonyesha. Lilikuwa jiwe refu, jembamba, upande mmoja umeandikwa mistari mitano. Jos alipiga magoti matopeni, akapitisha kidole herufi kwa herufi, akatafsiri polepole: Sennula, binti wa Tertius askari, aliishi miaka mitano na miezi miwili. Baba yake alimwekea jiwe hili.

"Miaka mitano," Jos alisema. "Huyu baba hakuwa na makuu, unaona? Herufi zimepinda. Kalichonga mwenyewe huyu." Akajifuta uso kwa mkono wenye tope. "Wewe ndiye wa kwanza kuliona, mwanangu. Tusimwambie mtu mpaka wakubwa waje. Nimewaandikia."

Lanty aliahidi.

Siku ya nne, ukuta wa chini ya Ngome ukaanguka. Hatua sita nzima zililala chali, na kondoo wa Telfer wakaingia malishoni kwa jirani wiki ile ile ya kupandisha, wakati kila mfugaji anachunga dume lake kama mboni ya jicho. Mzee Anthony alisimama kwenye pengo akasema, "Mimi nakwenda mnadani. Nikirudi jioni pawe pamezibwa. Na mishipi iwepo. Nitahesabu." Akaondoka.

Lanty alijenga kuanzia alfajiri. Saa nane mchana alikuwa amefika kiunoni na hakuwa na mshipi wa mwisho, ule wa pale ukuta unapopinda, mahali panapobeba kuliko kote. Alipekua kijito, alipekua mlima. Kisha akapanda Ngomeni.

Mtu asiyejua kazi atamwona mshenzi. Lakini jicho la mjenzi, likishapata shida ya jiwe la futi tatu, haliwezi kuona kingine ila futi tatu. Aliyafunua majani. Aliyaona maandishi. Alijiambia kwamba mtoto yule alikwisha kufa zamani, kwamba mvua inakuja, kwamba kesho atatafuta jingine alirudishe hili. Alilikokota juu ya gunia, akalilaza maandishi chini, likaingia kama lililochongwa kwa ajili ya pengo lile. Baba yake aliporudi alihesabu mishipi, akapiga ukuta teke, ukuta usitikisike, akasema, "Haya." Ndiyo sifa pekee Lanty aliyowahi kuisikia kwake.

Juma lililofuata wakaja wakubwa, mabwana wawili wa chuo, makoti ya mvua na viatu vya mjini. Bonde zima lilipanda kutazama. Jos alivaa suti yake ya mazishi. Akafunua majani: shimo tupu, limejaa maji.

"Lilikuwepo," Jos alisema. "Lilikuwepo hapa hapa."

Mmoja wa wale mabwana alitazama saa. Mwingine akauliza kwa upole, ule upole unaochoma kuliko tusi, kama Bwana Nixon hakuliona katika kitabu fulani. Watu wakaanza kucheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Labda limekwenda Roma kusalimia!" Jos akageuka, akamtafuta Lanty kati ya watu, akamwona, uso wake ukapata nuru.

"Lanty alilishika kwa mkono wake. Lanty, mwanangu, waambie uliona nini."

Mzee Anthony alikuwa kando yake, fimbo mkononi. Hakujua kitu. Alikuwa anangoja tu kama wengine. Na Lanty aliona nyumba yao, zizi lao, vitu vyao vimepakiwa kwenye mkokoteni mvuani. Hayo aliyaona yote kwa mara moja. Akasema:

"Sikuona jiwe lolote, Bwana Nixon."

Halmashauri ilimwandikia Jos barua ya onyo kwa kuchimba mahali pa serikali kwa koleo la serikali. Jumamosi iliyofuata Lanty hakwenda kwake, wala ile nyingine, wala kamwe. Jos hakumuuliza. Walipokutana barabarani Jos alisema "Habari za asubuhi" kama anavyomwambia yeyote, na huko kusalimiwa kama yeyote ndiko kulikomla Lanty. Bonde lilipata msemo mpya: mtu akisimulia kitu kisichoaminika, waliambiana, "Hilo ni jiwe la Jos." Miaka minane baadaye Jos alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Thirza alikuwa amekwisha kwenda mjini kusomea uuguzi.

Lanty akaishi. Alioa Edith Hedley, mwanamke mcheshi, akakaa naye miaka arobaini na moja bila kumwambia. Alishinda ushindani wa kuta kwenye maonyesho ya wilaya mara tisa. Akishikishwa kikombe alikuwa akikitazama chini kama mtu aliyeshikishwa kiatu cha mwingine. Ulipokuja ugonjwa wa miguu na midomo serikali ikamuulia kondoo wote, ukoo wa kondoo walioyajua malisho yao mlimani kwa kufundishwa na mama zao, mama kwa mwana, na ambao huwezi kuwanunua popote. Usiku ule Edith alilia, yeye akafikiri moyoni kwamba zamu yake ya kulipa imefika. Kisha Edith naye akafariki. Shamba likauzwa kwa kampuni ya kupanda miti. Shule ikawa nyumba ya watu wa mjini wanaokuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Wazee waliokumbuka suti ya mazishi ya Jos wakabaki yeye na jirani yake Watty Dodd, na Watty alikumbuka kicheko tu.

Ni Watty aliyegonga mlango mwezi wa sita mwaka juzi.

"Toka humo ndani, we mzee. Leo kuna jua, ukilikosa hili ungoje jingine mwakani."

"Niache na mgongo wangu."

"Mgongo wako uko salama, unakwenda kwa gari. Kuna ziara ya Ngomeni. Wanaoneshwa watu mawe, kuna na keki. Na kuna mtu anakuuliza."

"Nani aniulize mimi?"

"Thirza Nixon. Kastaafu, karudi, kapanga nyumba kule darajani. Kaniambia, 'Mlete Lanty, alikuwa mwanafunzi wa baba.' Nikamwambia nitamleta hata kwa kamba." Watty akachungulia. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Au ulimpenda?"

"Alikuwa na miaka tisa, mpumbavu wewe."

"Basi vaa viatu."

Walikuwa watu kumi na mmoja, na mwongozaji alikuwa binti mmoja aitwaye Bryony, mwenye sauti nzuri ya kupaza na ubao wa karatasi mkononi. Lanty alimwona Thirza mara moja. Alikuwa na paji la uso la Jos, pana, na namna ile ile ya kusimama kama anayesikiliza kitu mbali. Alimpa mkono.

"Umezeeka, Lanty."

"Wewe pia miaka haikukusahau, bibie."

Akacheka. Kicheko kile kilimwingia Lanty kama mwiba, kwa kuwa hakikuwa na kinyongo.

Bryony aliwazungusha. Hapa lango la kaskazini, hapa ghala la nafaka, hapa vyoo vya askari, mahali watoto wanapopenda. Alisema Warumi wenyewe hawakuwa na aibu. Walipokosa mawe walibeba hata mawe ya makaburi ya wenzao wakafunikia mifereji. Lanty aliyaokota maneno hayo akayashika kwa mikono miwili. Kumbe! Kumbe hata wao! Alitembea hatua kama kumi akiwa mwepesi. Kisha akakumbuka kwamba hakuna Mrumi aliyeulizwa mbele ya watu na mtu aliyemfundisha kusoma. Jiwe lilikuwa na udhuru. Lile neno halikuwa nao.

Wakafika kwenye mtaro wa nje.

"Na hapa, mabibi na mabwana," Bryony alisema akitabasamu, "ndipo lilipokuwa, au tuseme ndipo ambapo halikuwepo, jiwe maarufu la Jos! Alikuwepo hapa kijijini mchimba mifereji mmoja aliyedai amegundua..."

Alilisimulia vizuri. Suti, shimo, maji. Watu wakacheka. Watty ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, mpaka alipomwona Thirza, akajikohoza.

"Huyo Jos alikuwa baba yangu," Thirza alisema.

Bryony akashika mdomo. "Jamani. Mama, nisamehe, sikujua, mimi nilifundishwa tu hivi..."

"Usijali, binti. Nimeisikia tangu utotoni. Endelea na watu wako."

Kundi lilisogea mbele kwa haraka ya aibu. Thirza akabaki ukingoni mwa mtaro. Akamwita Lanty kwa kichwa, naye akaenda, miguu haitaki.

"Nina swali moja tu," alisema, "na nimekuja kuishi hapa kwa ajili ya hilo. Baba yangu alikuwa mwongo?"

"Baba yako alikuwa mtu mwema sana, Thirza."

"Sikukuuliza hivyo."

Lanty alitazama nyasi.

"Sikiliza nikwambie," Thirza alisema. "Mama alikufa akiamini baba alitunga. Akisema ni upweke, mtu akisoma peke yake mno anaota. Na mimi, nilipokuwa na miaka kumi na minne, wenzangu walinichora jiwe kwenye dawati. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mezani, mbele ya chakula: 'Kwa nini hukuacha uongo wako barabarani, baba?' Alikusanya vitabu vyake vyote akavitia kwenye sanduku la viazi, akavipeleka bandani. Sikumwona na kitabu tena. Nimeuguza watu miaka arobaini, Lanty, nimewafumba macho zaidi ya mia, na kwa kila mmoja nilimwona baba. Kama alikuwa mwongo, nilimwambia kweli kwa ukatili. Kama hakuwa, basi... Nataka kujua kabla sijafa. Wewe ulikaa naye. Ulikuwa mkubwa. Niambie lolote."

Hapo Lanty aliona kwamba hata kusema ni kumpiga. Miaka yote alifikiri kwamba kweli ni kitu cha kumrudishia mtu, kama kondoo aliyepotea. Kumbe kilikuwa na meno pande zote mbili. Angeweza kusema, "Alikosea tu, aliona vibaya, jioni ilikuwa," na mama huyu akaenda nyumbani na amani ya kiasi. Mdomo wake ulikwisha kufunguka kusema hivyo.

"Lipo ukutani," alisema.

"Nini?"

"Jiwe. Lipo kwenye ule ukuta pale. Nililiweka mimi. Maandishi chini."

Thirza hakusogea. "Lini?"

"Kabla hawajaja. Siku tatu kabla."

"Kwa hiyo alipokuuliza..."

"Nilikuwa najua."

Alimtazama muda mrefu, kama muuguzi anavyotazama kidonda kabla ya kuamua kama kinaponyeka. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Nionyeshe."

Walishuka. Wengine waliona mambo yamekuwa mambo, wakafuata. Lanty alisimama mbele ya ukuta pale unapopinda, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake akautazama. Ulikuwa haujavimba popote. Akavua koti, akaanza kuondoa mawe ya juu, moja moja, akiyapanga nyasini kwa mpangilio, kwa sababu mikono haikujua namna nyingine.

"Hapana, hapana, babu!" Bryony alikuja mbio. "Hamruhusiwi! Ukuta wenyewe unalindwa siku hizi. Lazima kibali, lazima..."

"Unalindwa na nani?" Watty aliuliza. "Kondoo hamna. Kuna miti tu. Miti itakwenda wapi?"

"Bwana Dodd, mimi nitafukuzwa kazi!"

"Andika kwamba nilibomoa mimi," Lanty alisema bila kugeuka. "Jina unalo."

Ilimchukua karibu saa nzima. Alikuwa na miaka sabini na saba. Vidole vilichubuka, pumzi ikawa fupi, na kijana mmoja mgeni aliyejitolea kumsaidia alikemewa kwa kutupa jiwe. Thirza alikaa juu ya majani, mkoba magotini. Alipofika kwenye mshipi, Lanty alimwita Watty na wanaume wawili. Wakalishika, wakalitoa polepole kama mtu anayetolewa kitandani, wakaligeuza, wakalilaza nyasini.

Herufi zilikuwa safi. Miaka sitini hazikuona mvua wala barafu. Ukuta ulikuwa umezitunza kuliko ambavyo udongo ungezitunza, na hilo nalo lilikuwa jambo ambalo Lanty hakutaka mtu alitamke.

Bryony alipiga magoti. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, ni kaburi la mtoto."

"Sennula," Thirza alisema. "Binti wa Tertius." Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa, ya mwandiko wa Jos. "Nilikuwa nikiitunza ili nijue siku moja aliinakili kutoka kitabu gani." Akainama, akaweka kidole penye mstari wa kwanza, akawa anasoma karatasi na jiwe, jiwe na karatasi. Mstari wa nne kidole kikasimama.

"Binti, hapa ni ngapi?"

Bryony akaangalia. "Sita. Kuna mstari mmoja mdogo wa kuongeza moja baada ya alama ya tano, hapa, ulikuwa umejaa udongo. Miaka sita na miezi miwili."

"Baba aliandika mitano."

"Kwa tope vile, mtu yeyote angekosea, mama. Hata profesa wangu."

"Alikosea mwaka mmoja," Thirza alisema. "Katika yote, mwaka mmoja." Na hapo ndipo alipolia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka naye hayafuti, akiwa amelishika lile jiwe mabegani kama mtu.

Watty alivua kofia. Alikuwa amecheka siku ile ya mabwana wa chuo, alikuwa amecheka saa moja iliyopita, na sasa hakujua aweke wapi uso wake. "Thirza," alisema, "sisi sote..."

"Wewe ulicheka tu, Watty. Kila mtu alicheka. Hata mimi." Akajipangusa, akainuka. Akamgeukia Lanty, aliyekuwa ameketi juu ya mawe aliyoyatoa, mikono ina damu.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba," alisema.

"Ndiyo."

"Ulimwogopa baba yako."

"Nilimwogopa. Na nyumba. Wangetutoa."

"Naelewa. Kijana wa miaka kumi na saba naweza kumwelewa. Lakini baba yako alikufa lini?"

"Mwaka wa sabini na nne."

"Na shamba liliuzwa lini?"

"Miaka kumi na mbili iliyopita."

"Basi niambie huyo wa miaka thelathini alimwogopa nani. Na wa hamsini. Na wa sabini."

Upepo ulipita juu ya miti ya kampuni ukatoa ule mvumo wake wa bure, usio na sauti ya mnyama.

"Sikusamehi leo," Thirza alisema. "Usikae ukingoja. Kama nitaweza, nitakuja mwenyewe nikuambie."

"Sawa."

Bryony alikuwa amesimama pembeni na ubao wake, hajui kama ni halali kuongea. "Samahanini," alisema. "Itabidi niripoti leo hii. Watauliza lilitoka wapi, nani alilihamisha, lini. Bila maelezo ya aliyehusika, watasema liliokotwa tu ukutani, na ya Bwana Nixon hayataingia. Babu, unaweza kuandika? Au uniambie niandike mimi."

"Naweza kuandika," Lanty alisema. "Nilifundishwa."

Akapewa ubao na kalamu. Aliandika polepole, akiegemeza ubao gotini, tone la damu likaangukia pembeni mwa karatasi. Aliandika tarehe. Aliandika habari ya ukuta kuanguka, habari ya mshipi, urefu wa jiwe, na jinsi alivyolilaza maandishi chini ili lishike vizuri. Aliandika kwamba baba yake hakujua. Akatia sahihi, akamkabidhi Bryony. Thirza akaichukua yeye, akasoma mpaka mwisho, akamrudishia Lanty.

"Haijaisha," alisema.

"Nimeandika yote."

"Umeandika habari za jiwe. Andika habari za mtu."

Watu walikuwa wameanza kuteremka kwenda magarini. Keki ilikuwa bado haijaguswa. Lanty aliiweka karatasi gotini tena. Chini ya sahihi palikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Aliandika: *Joseph Nixon, mtengeneza barabara, ndiye aliyeligundua na kulisoma. Alinionyesha. Aliponiuliza mbele ya watu kama nililiona, nilisema sikuliona.*

Akasita hapo, kalamu hewani. Thirza alikuwa nyuma ya bega lake, anasoma.

"Endelea," alisema.

*Nililiona,* Lanty aliandika.